Barabara ya Kumi na Tano

Miaka minne tulimzungusha Mwanakheri:
Bombo, Muheza, kwa shangazi wa Pangani mwenye kombe la zafarani,
shingo yake laini kama jani la mgomba lililopashwa motoni,
macho yake yakisoma dari.
"Atachelewa tu," walisema. "Wa kwetu alianza kusema na miaka mitatu,
leo hanyamazi."
Degedege ilipomshika wakabadili maneno:
nilikanyaga nini, nilimcheka nani,
nilioga saa ngapi nikiwa na mimba yake.

Damu yake ikasafiri kuliko sisi sote.
Kichupa kimoja, kizibo cha zambarau,
kilipanda ndege,
na sisi tunaoijua Dar kwa basi tu
tukangoja miezi saba.

Daktari Shemhilu alichora mstari nyuma ya kalenda.
"Hizi kila mtu anazo, jozi ishirini na tatu.
Hii ya mwanao, kromosomu ya kumi na tano,
kipande chake kimejirudia."
Neno refu lilinipita kama lori la mkonge.
Nilidaka namba.
Nikamwambia, "Kumi na tano ni kwetu, Ngamiani."
Akacheka. Kisha hakucheka.

Nilielewa usiku, peke yangu, nikichambua mchele.
Tuseme ni barabara yetu hii:
duka la Mhando, fundi baiskeli, bomba,
msikiti, mpera wa Bi Rehani, shule.
Sasa tuseme walioichonga walipofika kwenye bomba
walisahau wamefika wapi, wakaanza tena:
duka la Mhando, fundi baiskeli, bomba,
duka la Mhando, fundi baiskeli, bomba,
ndipo msikiti.
Hakuna kilichobomoka.
Kila tofali ni zima, ila lipo mara mbili,
na mtoto anayekwenda shule
anapita kwa Mhando, anapita tena kwa Mhando,
anasimama, anajiuliza kama ameshaamkia.
Atafika.
Kengele itakuwa imeshagongwa.

"Kosa la nani?" niliuliza.
"Ilijirudia kabla hujajua una mimba," alisema.
"Hata wewe hukuwepo."
Maneno hayo nayaweka chini ya mto,
pamoja na dawa zake za asubuhi.

Shangazi alitaka jibu fupi.
"Kwa hiyo amepungukiwa?"
"Hapana, shangazi. Amezidi."
"Amezidi nini?"
"Kidogo tu."
Akatazama kombe lake, akalifunika.

Sokoni Mgandini wananipa pole.
Muuza dagaa, pole.
Mwalimu wa chekechea, akifunga daftari lake la majina, pole.
Zamani zilinichoma. Siku hizi nazipokea mbili mbili,
nazishona moja kwa nyingine njiani:
pole, pole,
polepole.
Lugha hii tuliyozaliwa nayo haiogopi kurudia.
Ukiirudia pole, haiwi huzuni mbili.
Inakuwa mwendo.

Sisemi nashukuru kila siku.
Jumanne mtoto wa jirani, mdogo wake kwa miaka miwili,
alihesabu mpaka mia dirishani kwangu,
nikamfukuza kama kuku.
Usiku wa degedege naishika saa mkononi,
nahesabu sekunde, na sioni barabara yoyote.

Lakini juzi, ana miaka sita kasoro mwezi,
alitoka mlangoni akishika ukuta,
akavuka mtaro, akafika kwa fundi baiskeli
na kuikamata gurudumu iliyoning'inia, ikizunguka.
Fundi aliacha kazi. Hakusema kitu.
Aliizungusha tena, na tena, na tena,
mpaka adhana.

Nilipomfuata aligeuka akanitazama.
"Ma," akasema.
Mara moja. Yeye, mwenye kujirudia.
Nikasubiri, fundi naye akasubiri, spana mkononi.
Hakuongeza.

Basi silabi ya pili
naisema mimi.